Uzi wa Manjano

Alhamisi jioni, ukumbi wa shule ya wasichana, Ibra.
Viyoyozi vitatu, kimoja kibovu,
na watu ishirini na saba tumekalia viti vya watoto,
magoti yamekaribia videvu.
Mwalimu katoka kisiwa kimoja cha Uskoti,
jina lake Murdo, uso umeiva kwa jua la siku mbili.
Leo hakuna kupuliza, anasema.
Leo mdomo utaimba kile ambacho vidole vitakuja kukifuata.
Hin, anasema. Ho-dro. Hin-da.
Nasi tunaitikia, Shinuna akicheka ndani ya shela,
maana ndivyo bibi yake alivyomfunza midundo kule Unguja
kabla hajaruhusiwa kuigusa ngoma:
kwanza ulimi, halafu mkono.

Mimi nimekuja na sanduku la baba.
Miaka kumi na minane alipiga zumari la kiriba
katika bendi ya kikosi,
sketi ya miraba, soksi hadi gotini,
nasi wanawe tukiwaficha wenzetu shuleni
kazi ya baba yetu.
Alipofariki, Hilali alichukua gari,
Ghaniya akachukua mitende.
Sanduku likabaki chini ya kitanda changu
kama mgeni asiyejua kuaga.

Ijumaa, baada ya sala na wali,
Murdo akalifungua. Akainama, akanusa.
Ngozi imekufa, alisema.
Vijilimi vya mwanzi, kwetu vinaoza kwa unyevu,
kwenu vinakufa kwa kiu.
Akatoa ganda la chungwa mfukoni mwa shati,
akalilaza ndani ya kikopo pamoja na vijilimi vipya,
polepole, kama anayemfunika mtoto.
Kisha akauchomoa mrija mrefu,
na hapo tukauona:
uzi wa manjano, umezungushwa mara mia penye kiungo.
Huu si wetu, alisema. Wetu una nta.

Nikaujua. Uzi wa cherehani ya mama,
uliopindia mapazia yote ya nyumba ile
na gauni langu la Idi, mwaka ule wa surua.
Sikujua kama waliwahi kukaa hivyo,
huyu ameshika mrija, huyu anazungusha,
watu wawili niliowasikia wakijadili tu bili ya umeme.
Hautashika, alisema Murdo. Tuukate.
Nikasema la.

Mbaruku wa Sur alikuja na habbani yake,
ngozi ya mbuzi mzima, miguu imepigwa fundo.
Akaipuliza, na Waskoti wakaacha kunywa chai.
Catriona, yule wa fidla, akakaa zuliani,
akaitafuta sauti ile kwa upinde, akaikosa,
akaitafuta tena. Ipo, alisema, baina ya sauti zangu mbili,
lakini mlango siuoni.
Akaomba kahawa.

Jumamosi, onyesho. Wageni mstari wa mbele,
sinia ya halua ya zafarani mezani, haijaguswa.
Mimi wa nne kutoka kushoto,
wimbo una sehemu mbili, najua moja na nusu,
kiriba kwapani kama jogoo asiyetaka kuuzwa.
Nikapuliza. Mvumo ukaamka,
mzito, wa kukwaruza,
kama baba anayesafisha koo chumba cha pili.
Nikasahau vidole.
Mrija ukachomoka.
Ukapaa begani, ukapinduka mara moja,
ukatua katikati ya halua, ukasimama wima.

Zumari kumi na moja ziliendelea, hazina habari.
Mgeni rasmi aliutazama mrija,
akaung'oa, akaufuta kwa leso yake,
akanikabidhi kwa mikono miwili
kama anayetoa cheti.
Kisha akalamba kidole.

Usiku Murdo kanipa kitonge cha uzi mweusi,
kinanukia nyuki.
Nimeuzungusha juu ya ule wa manjano. Sikuukata.
Kiungo sasa kimenenepa, kinaingia kwa kusokota,
kwa kubembelezwa, na bado kinanata.
Nimepuliza mara moja tu, dirisha limefungwa.
Jirani kanigongea: tumenunua mbuzi lini?
Nimemwambia, huyu wa zamani.
Wa baba.